Askari Hamwachi Mwenzake, Hata Barabarani

Mwishoni mwa mwaka 2017 kisa kimoja kilienea Marekani nzima kwa siku chache. Mwanamke aliyekuwa akiendesha gari usiku kuelekea Philadelphia aliishiwa petroli kwenye barabara kuu ya I-95. Mwanamume aliyekuwa akilala nje jirani na hapo akamwambia abaki ndani ya gari na afunge milango. Yeye akaenda kwa miguu hadi kituo cha mafuta, akarudi na kidumu cha petroli alichokinunua kwa dola 20, ambazo ndizo pekee alizokuwa nazo. Ilielezwa kwamba mtu huyo aliwahi kuwa mwanajeshi wa kikosi cha Marine. Mwanamke huyo na mpenzi wake wakafungua ukurasa wa michango kwenye intaneti ili wamtafutie pa kuishi. Walilenga kupata dola 10,000. Watu wapatao 14,000 walichanga, na fedha zikapita dola 400,000.

Kisa kile kilikuwa cha kutunga. Mwaka uliofuata watatu hao waligombana kuhusu fedha, polisi wakaingilia, na mnamo Novemba 2018 mwendesha mashtaka wa kaunti moja ya jimbo la New Jersey akatangaza kwamba hakuna petroli iliyoisha wala dola 20 zilizotolewa usiku ule. Wote watatu baadaye walikiri makosa mahakamani, na kampuni iliyokusanya michango ikawarudishia watu fedha zao.

Wengi waliosoma habari hizo waliamua kwamba hadithi za wema wa watu wanaolala nje ni za kutiliwa shaka. Lakini mambo mawili hayakuwa ya uongo. Mwanamume yule alikuwa kweli mwanajeshi wa zamani, na alikuwa kweli akilala nje, akipambana na dawa za kulevya. Na watu 14,000 walioamini hawakuamini jambo lisilowezekana. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wema kati ya wanajeshi wa zamani wasio na makazi upo, una historia ndefu, na umezaa baadhi ya huduma bora kabisa ambazo Marekani imewahi kuwapa watu wake. Ila hauna sura ya dola 20 na kamera. Ni wema wa kulindiana mzigo, kuelekezana mahali penye chakula cha moto, na kumshika mkono mwenzako hadi kwenye dirisha la ofisi ambalo peke yake asingelisogelea.

Kisa kile cha uongo kinaibua pia swali ambalo halikuulizwa vya kutosha. Kwa nini mtu aliyelitumikia taifa lake ilibidi abuniwe ushujaa mpya ndipo watu waone kwamba anahitaji nyumba?

Wametoka wapi

Kila mwaka, usiku mmoja wa mwezi Januari, Marekani huhesabu watu wasio na makazi. Mwaka 2010 wanajeshi wa zamani waliohesabiwa walikuwa zaidi ya 74,000. Mwaka 2024 walikuwa 32,882, idadi ndogo kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze kuwekewa kumbukumbu. Kinachoshangaza ni kwamba mwaka huohuo wa 2024 jumla ya watu wote wasio na makazi nchini humo ilipanda kwa asilimia 18 na kufika 771,480, kiwango cha juu kuliko wakati wowote. Watu wengine wakiongezeka, wanajeshi wa zamani walipungua.

Sababu za askari kuishia barabarani zinaeleweka. Kodi ya nyumba katika miji mikubwa imepanda kuliko mishahara. Wengine walirudi na majeraha ya mwili, wengine na yale ya akili yanayomnyima mtu usingizi na kumfanya aruke kwa kila mlio. Pombe na dawa za kulevya huingia kama njia ya kutuliza maumivu hayo, kisha ndoa huvunjika na kazi hupotea. Kuna pia suala la cheti cha kuachishwa jeshi. Aliyeachishwa kwa makosa ya nidhamu anaweza kukosa huduma nyingi za serikali, hata kama utovu wake wa nidhamu ulikuwa dalili ya ugonjwa alioupata vitani. Hatimaye kuna aibu. Mtu aliyefundishwa kwa miaka kwamba yeye ndiye mlinzi wa wengine hukwama anapotakiwa kusema, "Naomba msaada."

Mafunzo hayohayo yanayomzuia kuomba ndiyo yanayomsukuma kutoa. Katika ukruti wa jeshi la nchi kavu la Marekani kila kijana hupangiwa mwenzake ambaye ataandamana naye kila mahali. Mmoja akikosea, adhabu huwashukia wote, na kikosi kizima kitapiga pushapu. Mwaka 2003 jeshi hilo liliandika upya kiapo cha maadili ya askari, na mojawapo ya ahadi zake ni kutomwacha mwenzake aliyeanguka. Mafunzo ya namna hiyo hayaondoki mtu anapovua gwanda.

Kambi ya mwaka 1932

Waliolionyesha taifa jambo hilo waziwazi walikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1924 Bunge la Marekani liliwaahidi malipo ya nyongeza, dola moja kwa kila siku ya utumishi ndani ya nchi na dola moja na robo kwa kila siku ya utumishi ng'ambo. Wengi walipewa hati ambazo zingelipwa mwaka 1945. Kisha uchumi ukaanguka. Kufikia mwaka 1932 mamilioni ya watu hawakuwa na kazi, na askari wale walikuwa na karatasi zenye thamani ya fedha ambazo zisingelipwa kikamilifu kwa miaka 13 zaidi.

Sajini wa zamani aitwaye Walter Waters aliondoka Portland, Oregon, na wenzake wapatao 300, wakidandia mabehewa ya mizigo kwenda mji mkuu kudai walipwe mapema. Wengine walijiunga kutoka kila upande wa nchi. Mwezi Juni walikuwa wamefika Washington watu wanaokadiriwa kati ya 15,000 na 20,000, baadhi yao wakiwa na wake na watoto, kwa sababu nyumbani hakukuwa tena na nyumba.

Walipiga kambi kwenye tope la ukingo wa mto Anacostia. Vibanda walivijenga kwa mabati, mbao na maboksi waliyoyaokota kwenye jalala la jirani. Walichora mitaa, wakachimba vyoo, wakaanzisha maktaba na kinyozi, wakapiga gwaride kila siku. Sheria zao zilikuwa kali: hakuna pombe, hakuna silaha, hakuna kupigana, hakuna kuombaomba. Chakula kilichopatikana kiligawanywa kwa wote.

Jambo lililowashangaza waliofika kuangalia lilikuwa jingine. Marekani ya mwaka 1932 iliwatenga watu weusi na weupe shuleni, hotelini na kwenye mabasi ya majimbo mengi, na jeshi lenyewe lilikuwa na vikosi vya weusi pekee. Katika kambi ya Anacostia weusi na weupe waliishi bega kwa bega na kula pamoja. Roy Wilkins, mwandishi kijana ambaye baadaye aliongoza NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, alikwenda kuona mwenyewe na kuandika kwamba kumbe inawezekana. Watu ambao serikali haikuwapa hata paa walikuwa wamekubaliana kuishi kwa namna ambayo taifa lao lilichelewa kuikubali kwa miaka mingi.

Utu ule uliwagusa na wengine. Mkuu wa polisi wa mji, Pelham Glassford, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali mstaafu wa vita vilevile, alizunguka kambini kwa pikipiki na kutumia fedha zake kuwanunulia chakula. Evalyn Walsh McLean, tajiri aliyemiliki almasi maarufu iitwayo Hope, alikwenda mgahawani usiku na kuagiza sandwichi 1,000 kwa ajili yao. Lakini tarehe 28 Julai 1932 askari wawili wa zamani waliuawa kwa risasi za polisi katika purukushani za kuwaondoa, na saa chache baadaye jeshi chini ya Jenerali Douglas MacArthur liliingia na farasi, vifaru na mabomu ya machozi. Vibanda vya Anacostia viliteketea kwa moto.

Malipo yao yalitoka mwaka 1936. Kumbukumbu ya aibu ile ilichangia sana kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1944 iliyowapa askari wa Vita vya Pili vya Dunia elimu na mikopo ya nyumba, sheria iliyobadilisha maisha ya mamilioni ya familia za Kimarekani.

Kusikilizana kabla ya daktari

Waliorudi kutoka Vietnam walikuta mlango mwingine umefungwa. Ugonjwa waliokuwa nao haukuwa na jina katika vitabu vya madaktari. Askari aliyekuwa akiamka usiku akipiga kelele, au aliyeshindwa kukaa kwenye chumba chenye watu wengi, aliambiwa kwamba tatizo ni tabia yake.

Mwaka 1970, jijini New York, baadhi yao walianza kukutana kila wiki na kuzungumza wao kwa wao. Walikaa kwenye duara, mmoja akieleza aliyoyaona na aliyoyafanya, wengine wakisikiliza bila kumhukumu. Waliwaalika madaktari wa akili, wakiwemo Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, ila kwa masharti ya askari: daktari aketi kwenye duara na watu wengine, si mezani. Mazungumzo yale yalisaidia kuifanya dunia ya tiba iutambue ugonjwa huo wa msongo unaofuata maafa, ambao uliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mwaka mmoja kabla yake, Bunge lilikuwa limeidhinisha vituo vya ushauri mitaani kwa ajili ya askari wa Vietnam, na wengi wa waliopewa kazi ya kuwapokea wenzao mlangoni walikuwa askari wa vita hivyohivyo.

Kumsikiliza mtu hakugharimu fedha, na wale waliosikilizana hawakuwa nazo. Hata hivyo, tiba ambayo leo inatumika kwa manusura wa ajali, wa ubakaji na wa vita sehemu nyingi za dunia inadaiwa kwa kiasi fulani na vijana waliokaa wakatulia huku mwenzao akilia.

Siku tatu uwanjani

Huko San Diego, California, kikundi cha askari wa zamani wa Vietnam kilikuwa kimeanzisha kituo cha kusaidiana mwaka 1981. Miaka michache baadaye wawili wao, Robert Van Keuren na Jon Nachison, walilitazama tatizo la wenzao waliokuwa wakilala vichochoroni. Huduma zilikuwepo, lakini ya meno ilikuwa mtaa huu, ya vitambulisho mtaa ule, ya hospitali upande wa pili wa mji, na kila moja ilikuwa na foleni na fomu yake. Mtu asiye na nauli, asiye na mahali pa kuacha mzigo wake, hawezi kuzizungukia zote.

Wakakumbuka utaratibu wa vitani. Kikosi kilichokuwa mapambanoni kwa muda mrefu kilirudishwa nyuma hadi kwenye kambi salama. Huko askari walioga, wakapata nguo safi, chakula cha moto, daktari na barua za nyumbani, na wakalala bila kushika zamu. Utaratibu huo uliitwa Stand Down. Mwaka 1988 Van Keuren na Nachison waliurudisha kwenye uwanja wa michezo wa shule moja ya sekondari, kwa siku tatu.

Mtu aliyefika getini alipokewa kama askari anayeripoti kikosini. Hakuulizwa kwanza kwa nini analala nje. Alipangiwa hema na kitanda, akaingia kwenye kundi la watu ambao angekula na kulala nao kwa siku zote tatu, na kila hema lilikuwa na kiongozi ambaye naye alikuwa mwanajeshi wa zamani. Aliyeingia amekunjamana alipita bafuni, kwa kinyozi, kwa daktari wa meno, kwenye meza ya buti na nguo, kisha kwa karani wa mafao. Mistari ilikuwepo, lakini yote ilikuwa ndani ya uwanja mmoja, na aliyesimama mbele yake alikuwa mtu aliyeyajua maneno yake ya kijeshi.

Mpangilio wa mahema ndio uliokuwa na nguvu. Chakula unaweza kumpa mtu dirishani na akaondoka peke yake kama alivyokuja. Ukimweka kwenye hema na wenzake, ile tabia ya ukruti huamka. Mmoja anamkumbusha mwingine kwamba zamu yake kwa daktari imefika, mwingine anabaki kulinda mizigo. Waliokuwa wakitazamwa barabarani kama mzigo wakajikuta wana kazi ya kufanya kwa ajili ya mtu mwingine. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya waliowahi kuingia uwanjani wakiwa hawana kitu walirudi wakiwa wasimamizi wa mahema.

Leo mikusanyiko ya aina hiyo hufanyika kila mwaka katika miji mingi ya Marekani, mikubwa na midogo, baadhi ikiendelea kwa siku nzima na mingine kwa siku kadhaa.

Hakimu afuata watu

Katika mkusanyiko ule wa kwanza, askari 500 waliulizwa ni shida gani inayowabana zaidi. Watu 116 hawakutaja chakula wala kitanda, bali kesi. Mtu anayelala nje hukamatwa kwa kulala hadharani, kwa kupanda treni bila tiketi, kwa kunywa pombe barabarani. Hana fedha za faini. Siku ya kesi haendi, ama kwa sababu ya hofu, ama kwa sababu hana pa kuacha mizigo yake, na hakimu anatoa hati ya kumkamata. Hati hiyo ikishaingia kwenye kumbukumbu, hapati leseni ya kuendesha gari, anakosa kazi na anakataliwa nyumba.

Wakili wa serikali wa kuwatetea wasio na uwezo, Steve Binder, aliwashawishi majaji na waendesha mashtaka wa San Diego wahamie uwanjani. Mwaka 1989 mahakama ilikaa palepale kwenye mkusanyiko, na ikawa mwanzo wa mahakama maalumu ya wasio na makazi. Utaratibu wake, kama ulivyokuja kukomaa, ni huu: mhusika hujiandikisha kwa hiari, kisha huleta barua kutoka kituo kinachomsaidia zikieleza aliyoyafanya, kama vile kuhudhuria tiba ya ulevi, kujifunza kazi, kujitolea jikoni au kuwasaidia wenzake. Juhudi hizo zinahesabiwa kuwa ndiyo adhabu aliyokwisha kuitumikia, na kesi ndogo zinafutwa. Miji mingine mingi imeiga.

Hapa wema ulipata uzito wa kisheria. Saa ambazo mtu alizitumia kuwahudumia wenzake zilisomwa mbele ya hakimu na zikamfungulia njia ya kupata kazi.

Je, maskini ni wakarimu zaidi?

Swali hilo limewashughulisha watafiti. Mwaka 2010 Paul Piff na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wa tabaka la chini walikuwa tayari kumgawia mtu wasiyemjua sehemu kubwa zaidi ya walichopewa kuliko watu wa tabaka la juu. Matokeo hayo yalipendwa na magazeti. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichambua takwimu za watu wengi zaidi kutoka nchi kadhaa na wakapata mwelekeo wa kinyume. Sayansi, kwa hiyo, haijatoa kauli moja, na si haki kudai kwamba umaskini humfanya mtu kuwa malaika.

Barabarani kuna wizi, ugomvi na ulaghai. Kuna siku ambapo mtu huamka na kukuta buti zake zimekwenda. Kwa sababu hiyohiyo kusaidiana huko kuna maana ya pekee. Anayemlindia mwenzake begi leo anajua kwamba kesho yeye ndiye atakayehitaji kwenda kuoga. Anayegawana blanketi ananunua usalama wa usiku, kwa kuwa wawili hawashambuliwi kirahisi kama mmoja. Nipe nikupe hiyo si kitu cha kudharau, maana ndiyo inayoendesha vyama vyetu vya kuzikana na mchezo wa fedha wa akina mama mitaani. Kwa wanajeshi wa zamani inajengwa juu ya msingi uliokuwepo, yaani mazoea ya kuweka maisha yako mikononi mwa mtu wa kulia na wa kushoto. Na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Anayeijua baridi ya saa tisa usiku hahitaji kuelezwa kwa nini mwenzake anataka soksi kavu kuliko ushauri.

Mlango na ufunguo

Soksi hazitoshi, na hilo askari wenyewe wamelisema kwa vitendo. Katika mji wa Kansas City, Missouri, Chris Stout, aliyejeruhiwa Afghanistan mwaka 2005, alifanya kazi ya kuwahudumia wanajeshi wa zamani na kuona wengi wakikataliwa msaada kwa sababu ya vyeti vyao au kwa sababu walitumikia muda mfupi. Mara kadhaa aliwalipia vyumba vya hoteli kwa fedha zake. Mwaka 2016 yeye na wenzake waliokuwa vitani walianzisha shirika la Veterans Community Project. Masharti yao ni mepesi: kama uliwahi kula kiapo cha jeshi, wanakupokea.

Wamejenga kijiji cha nyumba ndogo 49. Nyumba ya mtu mmoja ina ukubwa wa takriban mita 22 za mraba, na zipo kubwa kidogo za familia. Kila moja ina kitanda, jiko, bafu, na mlango unaofungwa kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Mabweni ya kawaida huwalaza watu kwa makumi kwenye ukumbi mmoja, jambo ambalo mtu mwenye majinamizi ya vita hulikimbia na kurudi kichochoroni. Hapa analala amejifungia, na akitoka nje anakutana na majirani waliopitia aliyoyapitia. Anapokuwa tayari kuhamia kwenye nyumba ya kudumu, huondoka na samani alizokuwa akitumia, ili asianze maisha mapya kwenye sakafu tupu.

Serikali nayo ilijifunza. Kuanzia mwaka 2008 ilipanua mpango unaounganisha hati ya kulipiwa sehemu ya kodi na mhudumu anayemfuatilia mpangaji. Aliye kwenye mpango huo huchangia kwa kawaida kama asilimia 30 ya kipato chake, na serikali hulipa inayobaki. Mpango huo uliachana polepole na desturi ya zamani ya kumtaka mtu aache pombe kwanza ndipo apewe nyumba. Nyumba ikatangulia, na tiba ikafuata mtu akiwa chini ya paa. Houston, mji wa nne kwa ukubwa nchini humo, uliyakutanisha mashirika yake mengi kwenye orodha moja ya majina, na mwezi Juni 2015 ukatangaza kwamba umewapatia nyumba wanajeshi wa zamani zaidi ya 3,600 katika muda wa miaka mitatu na kidogo. Hospitali za wanajeshi wa zamani zimeajiri pia wasaidizi rika, watu waliopitia ulevi, ugonjwa wa akili au kulala nje, ambao sasa wanalipwa mshahara kwa kazi ambayo watu wa Anacostia na wa New York waliifanya bure.

Hayo ndiyo yaliyoishusha ile idadi kutoka 74,000 hadi chini ya 33,000. Hakuna hata mmoja kati ya waliopata nyumba kupitia mipango hiyo aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ni mtu mwema.

Ardhi ya Los Angeles

Kazi haijaisha, na mahali pa kuiona ni Los Angeles. Mwaka 1888 Seneta John P. Jones na Arcadia Bandini de Baker, mwanamke tajiri wa ukoo wa zamani wa California, walitoa ekari 300 magharibi mwa mji huo ziwe makao ya askari waliolemaa. Kwa miongo mingi yalikuwa hivyo hasa. Palikuwa na nyumba, kanisa, bustani, na maelfu ya askari wa zamani wakiishi pamoja. Kuanzia miaka ya 1970 wakaazi waliondolewa, na baadaye sehemu za ardhi zikakodishwa kwa matumizi mengine, ukiwemo uwanja wa besiboli wa chuo kikuu na viwanja vya michezo vya shule ya binafsi.

Mwaka 2020 na 2021 mstari wa mahema yaliyopambwa kwa bendera kubwa za Marekani ulionekana barabarani, nje ya uzio wa ardhi hiyohiyo. Waliolala ndani yake walikuwa wanajeshi wa zamani, wakiangalia kwa macho yao nyasi zilizotolewa kwa ajili yao. Mahema hayo yaliondolewa mwezi Novemba 2021. Baadhi ya wanajeshi wa zamani walikwenda mahakamani kuhusu ardhi hiyo, na mwezi Septemba 2024 Jaji David O. Carter aliamua kwamba mikataba kadhaa ya ukodishaji ilikuwa batili na kwamba serikali ijenge nyumba za kudumu 1,800 na za muda 750. Serikali ilikata rufaa. Mwezi Mei 2025 Rais alitoa amri ya kuanzisha kituo kwenye ardhi hiyo, kikilenga kuwapa makazi wanajeshi wa zamani 6,000 kufikia mwaka 2028.

Nyumba hizo zikijengwa, itabidi watafutwe watu wa kuwapokea wapangaji ambao wamekwishadanganywa mara nyingi, na ambao wengine hawajalala ndani kwa miaka. San Diego na Kansas City zimekwisha kuonyesha watu hao wapatikane wapi. Waajiriwe kwanza walioshika zamu kwenye mahema ya nje ya uzio, na walipwe kwa kazi hiyo.